Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: Tunu wa tamthilia ya Kigogo mnamtahini darasani, kwa jukwaa mnamnyamazisha

Mheshimiwa Waziri wa Elimu, wakuu wa KICD (taasisi ya mitaala), KNEC (baraza la mitihani) na TSC (tume ya kuajiri walimu), na nyinyi wote wa kamati ya tamasha la kitaifa la drama,

Hamjambo. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili kwa shule ya sekondari ya wasichana, na pia ni patroni wa drama, ile kazi mwalimu hupewa bila marupurupu yoyote na akishaionja haachi tena. Jina la shule yangu sitaji kwa sababu mnajua vile mambo huenda, mwalimu akiandika kitu leo wiki ijayo anapata barua ya uhamisho, apange virago aende kaunti ambayo hajui hata stage ya matatu iko wapi. Lakini kila neno hapa ni langu na niko tayari kulirudia mbele yenu mkiniita.

Naandika kuhusu Butere. Najua mngependa iishe watu waendelee na maisha. Huku chini haijaisha. Wanafunzi wangu bado wananiuliza, na mimi ndio nasimama mbele yao na chaki, si nyinyi, kwa hivyo naomba mnisikize.

Kwa wale hawakufuatilia, Aprili 2025 wasichana wa Butere Girls walifika Nakuru kwa mashindano ya kitaifa na igizo linaitwa Echoes of War, lililoandikwa na Cleophas Malala, yule aliyekuwa seneta wa Kakamega. Ni hadithi ya nchi ya kubuni, vijana wanatumia teknolojia kuwakabili watawala ambao hawasikii, na kila Mkenya anayekumbuka Juni 2024 anajua linagusa wapi, yaani yale maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha, vijana wakaingia mpaka bungeni na makumi ya watu wakauawa. Hilo igizo lilikuwa limeondolewa mashindanoni, watu wakaenda kortini, Mahakama Kuu ikaamuru wasichana waruhusiwe kuigiza. Sasa mtu angedhani hapo mambo yamekwisha, korti imesema. Lakini jioni kabla ya siku yao polisi wakafika mahali watoto walikuwa wanafanyia mazoezi, Malala akazuiwa kuwafikia, akakamatwa akalala ndani. Kesho yake, tarehe 10 Aprili, wasichana wakapanda jukwaani asubuhi na mapema, mwelekezi wao hayuko, watazamaji hawako, wakaimba wimbo wa taifa kisha wakashuka wakaenda zao. Nje kulikuwa na vitoa machozi.

Vitoa machozi kwa tamasha la drama ya shule! Nimepeleka watoto mashindano miaka mingi na kitu kibaya zaidi nilikuwa nimewahi kuogopa ni basi kuharibika njiani ama mtoto kusahau mistari yake. Sikuwahi kufikiria kwamba kwa orodha ya vitu patroni anabeba, maleba, ngoma, maji, biskuti na dawa ya kichwa, itabidi siku moja nifikirie pia vitambaa vya maji ya kupanguza macho.

Kuna wanaosema hakuna mtu alizuia hao wasichana, jukwaa lilikuwepo na walipanda wenyewe wakashuka wenyewe. Hiyo siwezi kuikubali kwa sababu mimi nafundisha fasihi na najua mchezo wa kuigiza unahitaji nini ndio uwe mchezo. Inabidi kuwe na hadhira. Tunafundisha hivyo Fomu 1 kabisa, mwigizaji, jukwaa na hadhira, ukitoa kimoja umeua sanaa. Kumwambia mtoto aigizie viti vitupu huku rafiki zake wamefungiwa nje, hiyo ni kumzuia, ila kwa njia ambayo hakuna mtu anataka kuiwekea sahihi.

Sasa nataka tuongee kuhusu kitu ambacho kinanisumbua zaidi, na ndio sababu ya barua hii.

Kati ya mwaka 2018 na 2022 mlitupa Kigogo ya Pauline Kea kama tamthilia ya kutahiniwa KCSE, ule mtihani wa kumaliza sekondari. KICD ndio waliidhinisha, KNEC wakatunga maswali. Mimi niliifundisha mpaka naweza kuisema usingizini. Kwa wale hawaijui, kuna jimbo linaitwa Sagamoyo, mtawala wake ni Majoka, anafunga soko la Chapakazi ambalo ndilo tegemeo la wananchi, na kuna msichana anaitwa Tunu, msomi kijana, ambaye pamoja na Sudi wanaongoza watu kukataa. Tunu anapigwa anaumizwa mguu na bado hanyamazi. Mwishoni watu wanamkataa Majoka, na mkuu wa polisi mwenyewe, Kingi, anakataa kuamrisha raia wapigwe risasi. Hicho ndicho kitabu serikali ya Kenya iliweka mikononi mwa kila mtoto wa Fomu 3 na Fomu 4 nchi nzima, kutoka Lodwar hadi Lamu. Nikiuliza sifa za Tunu, mwanafunzi akiandika ni jasiri, ni mtetezi wa haki, ni mzalendo, nampa alama zake. Akiandika Tunu ni mkosefu wa adabu aliyetumiwa na wanasiasa, nitamkata alama, na mtahini wa KNEC angemkata pia, kwa sababu maandishi ya tamthilia hayasemi hivyo.

Si Kigogo peke yake. Chozi la Heri ya Assumpta Matei, riwaya ya kutahiniwa kipindi hicho hicho, imejaa vita vya baada ya uchaguzi, familia kuchomewa, watu kuwa wakimbizi ndani ya nchi yao. Upande wa Kiingereza nako mmeweka The Samaritan ya John Lara, na nawaomba mkae chini mkisome tena hicho kitabu polepole. Wanafunzi wawili, Alvita na Montano, na mwalimu wao Nicole anawaongoza, wanaunda apu ya kufichua ufisadi wa viongozi wa manispaa ya Maracas, na viongozi wanaingiwa na baridi wanaanza kutafuta vile wataizima. Vijana, teknolojia, watawala wakali. Sasa niambieni, hiyo na igizo la Butere zinatofautiana wapi kwa maudhui? Moja ni setibuku, tunaitahini. Ingine ikaletewa polisi.

Nimewaza sana juu ya hii na jibu naona ni moja tu. Hadithi yenyewe haijawahi kuwasumbua. Mnaistahimili ikiwa imelala kwa karatasi, ikiwa ya Sagamoyo ama Maracas, ikiwa mtoto anaisoma kimya na kuijibu kwa mtihani ndio apite. Shida inaanza wakati msichana wa miaka kumi na saba anasimama, anafungua mdomo, na kuisema kwa sauti yake mbele ya watu wanaoweza kumpigia makofi. Yaani mnataka Tunu asomwe lakini hamtaki msichana yeyote aongee kama yeye. Na watoto wameliona hilo, msidhani hawajaona. Mmoja aliniuliza darasani, kwani mwalimu, ujasiri ni wa mtihani tu? Nilimwambia hapana. Lakini nilikuwa najua kuna watu juu yangu ambao jibu lao ni ndio.

Na hapa wacha niwaelezee vile udhibiti hufanyika kwa shule kwa sababu nina hofu kwamba wengine wenu huko juu kweli hamjui, mnadhani ni lazima mtoe amri. Hakuna amri. Hiyo ndio ubaya wake. Baada ya Butere hakuna waraka ulikuja shuleni kwetu kusema hiki kinaruhusiwa na hiki hakiruhusiwi. Kulikuja simu. Mtu wa ofisi fulani alipigia mwalimu mkuu fulani, wala hakusema kitu kibaya, aliuliza tu, hiyo skripti yenu ya mwaka huu inaongelea nini? Basi. Mwalimu mkuu ana miaka michache astaafu, ana mkopo, hataki kujaribu. Akaniita, akaniambia mwalimu wacha tucheze salama. Tulikuwa na shairi la kikundi lenye ubeti kuhusu mama aliyejifungua njiani kwa sababu zahanati haikuwa na dawa wala muuguzi. Ubeti ukatoka. Mahali pake tukaweka ubeti wa kuhifadhi mazingira. Msichana aliyekuwa anaongoza huo ubeti alikuwa ameuandika mwenyewe, alikuwa anausema mpaka unatoa machozi, na nilimwambia umetolewa na sikuwa na karatasi ya kumwonyesha nani ameutoa na kwa nini, sababu hiyo karatasi haiko. Hakuna jina lake, hakuna sahihi, hakuna tarehe. Ukitaka kukata rufaa unakatia nani? Simu?

Hivyo hivyo kwa vitabu. Mzazi mmoja akikasirika na ukurasa mmoja wa riwaya, mara nyingi hata hajaisoma, ameona picha ya ukurasa imepigwa ikasambaa kwa WhatsApp, kitabu kinaondolewa kwa rafu kinafungiwa stoo na funguo anabaki nayo mtu ambaye ukimuuliza anasema ameagizwa. Ameagizwa na nani? Na maktaba zetu mnazijua, shule nyingi maktaba ni kabati moja na vitabu vyenyewe ni setibuku na miongozo yake. Ukitoa hata kile kimoja kilichokuwa kinawafanya watoto wagombanie nani asome kwanza, umeacha nini? Umeacha vitabu vya kupita mtihani.

Sisemi kila kitu kiingie shuleni. Mimi ni mzazi pia. Kuna vitabu vya watu wazima na kuna vya watoto na mtu lazima achague, ndio kazi ya KICD na wanaifanya kila mara, wana paneli na wana vigezo, wanaangalia umri na lugha na maadili. Lakini kuchagua hufanyika mapema, kwa vigezo ambavyo mchapishaji na mwandishi wanavijua, na watu wanaochagua wanaweza kuulizwa. Kufungia hufanyika baadaye, mtu mkubwa akishaguswa. Hizo ni kazi mbili tofauti na mmezichanganya. Hata Tanzania hapo jirani, Februari 2023 Wizara yao ya Elimu ilipiga marufuku vitabu 16 mashuleni, ikiwemo vile vya Diary of a Wimpy Kid, ikisema vinaenda kinyume na mila na maadili, mimi sikukubaliana nao na bado sikubaliani, kuna vile vitabu watoto wangu wamevisoma na wamekua salama salmini. Lakini angalau waziri wao alijitokeza akataja vitabu kwa majina, mtu akaweza kubishana naye. Sisi huku tunafungiwa na upepo.

Najua pia hoja ya pili, na hii nitaichukulia kwa uzito kwa sababu si hoja ya kijinga. Mnasema Malala ni mwanasiasa, si mwalimu, na watoto wasitumiwe na wanasiasa. Nakubali kabisa watoto wasitumiwe. Nimeona mambo kwa hizi drama, nimeona igizo likigeuzwa kuwa matangazo ya mtu anayetaka ubunge. Sasa tuongee ukweli sote tukijuana. Skripti za mashindano nyingi zinaandikwa na watu wa nje, shule zinawalipa, na imekuwa hivyo miaka na miaka na nyinyi mnajua na majaji wanajua, kuna waandishi ambao unaweza kutambua mkono wao ukisikia mistari mitano ya kwanza. Kama sheria ni kwamba mtu wa nje asiandike, sawa, iandikeni, itangazeni, na muitumie kwa wote, hata kwa wale wanaoandika mashairi ya kusifu mradi wa serikali ndio washinde wakaitwe kumtumbuiza Rais. Kwa maana watoto hao nao wanatumiwa ama hawatumiwi? Sijawahi kusikia polisi wametumwa kuzuia shairi la sifa. Sheria ikiuma upande mmoja tu hiyo si ya kulinda watoto.

Na kama shida ilikuwa mwandishi, mbona mlishughulika naye kupitia watoto? Mngemshtaki mwandishi kama ana kosa, mahakama zipo. Alikamatwa akaachiliwa. Wale walioishi na hiyo siku ni wasichana, na ndio walikuwa na muhula wa kurudi shuleni na KCSE mbele yao.

Kitu kingine ni kwamba hii haikuwa mara ya kwanza, tena shule ni hiyo hiyo na mwandishi ni huyo huyo. Mwaka 2013 Butere Girls walikuwa na igizo la Shackles of Doom, kuhusu jamii ambayo ardhi yake inagunduliwa mafuta na watu wa jamii nyingine wanakuja kula utajiri wote. Likafungiwa, ati linachochea ukabila. Okiya Omtatah, ambaye siku hizi ni seneta wa Busia, alienda kortini, na Mahakama Kuu ikaondoa hiyo marufuku, wasichana wakaigiza. Na nchi haikuchomeka. Wale wasichana wa 2013 leo ni wanawake wazima, wengine bila shaka ni walimu na madaktari na mama za watoto. Mlikuwa na miaka 12 kati ya 2013 na 2025 ya kuandika kanuni inayoeleweka. Iko wapi?

Katiba yenyewe haijaficha. Kifungu cha 33 kinataja uhuru wa ubunifu wa kisanaa na uhuru wa kitaaluma, na kinataja pia mipaka yake, propaganda za vita, uchochezi wa ghasia, matamshi ya chuki. Kuudhi viongozi hakumo kwa hiyo orodha, nimeisoma mara nyingi. Na kifungu cha 47 kinasema mtu ambaye haki yake imeguswa na uamuzi wa ofisi ya serikali ana haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Kwa maandishi. Hiki kifungu hakisemi mtu mzima pekee.

Wacha nirudi nyuma kidogo kwa sababu nafundisha historia ya fasihi na siwezi kuacha hii. Mwaka 1977 Ngugi wa Thiong'o na Ngugi wa Mirii waliandika Ngaahika Ndeenda pamoja na wakulima na wafanyakazi wa Kamiriithu kule Limuru, wanakijiji wenyewe wakaigiza, wakajijengea ukumbi wa wazi kwa mikono yao. Leseni ikafutwa. Mwisho wa mwaka huo Ngugi akatiwa kizuizini Kamiti, akaandika riwaya nzima juu ya karatasi za choo. Mwaka 1982 ukumbi wa Kamiriithu ukabomolewa. Alipofariki Mei 2025, wiki chache tu baada ya ile siku ya Nakuru, serikali hii hii ilitoa rambirambi ndefu ikimsifu. Mimi nilisoma zile rambirambi nikiwa ofisi ya walimu na niliwaza wale wasichana.

Na kabla yake kulikuwa na Abdilatif Abdalla wa Mombasa. Kijana mdogo tu, 1968 akaandika karatasi ya Kenya: Twendapi? akafungwa miaka mitatu. Mashairi aliyoandika gerezani yakatoka 1973 kama Sauti ya Dhiki, na mwaka uliofuata yakapewa Tuzo ya Jomo Kenyatta ya fasihi, yaani tuzo yenye jina la rais ambaye serikali yake ndiyo ilimfunga. Huwezi kufundisha ushairi wa Kiswahili wa kisasa ukamruka Abdilatif. Watoto wakifika hapo huniuliza kosa lake lilikuwa gani hasa, nikiwaambia aliuliza nchi inaelekea wapi wanacheka kwanza, halafu wananyamaza, halafu mmoja anasema, kama Butere. Siwafundishi kusema hivyo. Wanaunganisha wenyewe, kwa sababu tumewafundisha kuunganisha.

Ndio maana huu mtaala wenu mpya unanichanganya. Mmetuletea semina, mmetuambia umilisi wa msingi ni ubunifu, ni fikra za kina na kutatua matatizo, ni uraia, ni ujuzi wa kidijitali. Kwa sekondari ya juu mmeweka njia nzima ya Sanaa na Michezo, na ndani yake mtoto anaweza kusoma maigizo na filamu kama somo kamili. Nilifurahi kweli, nilisema sasa drama haitakuwa tena kitu cha kufanywa saa kumi jioni na watoto ambao wanaambiwa wanapoteza wakati. Lakini mtoto akichukua hiyo njia, mradi wake wa kwanza utakuwa wa nini? Atatunga igizo kuhusu kunawa mikono mpaka amalize Gredi ya 12? Mkimwambia awe raia anayefikiri na awe mbunifu wa kidijitali, halafu akitunga hadithi ya raia wanaofikiri na kutumia dijitali mnamwitia polisi, basi hizo semina mlitupotezea wakati.

Kitu naogopa hakionekani kwa ripoti yoyote. Hakuna skripti itafungiwa miaka inayokuja kwa sababu hazitaandikwa. Patroni atajikata mwenyewe kabla mwalimu mkuu hajamkata, mwandishi atajikata kabla ya patroni, na mtoto ambaye angeandika ubeti wa ile zahanati ataandika kuhusu miti, si kwa kuwa anapenda miti bali kwa sababu ameshajua. Nawaona wakifanya hivyo sasa hivi. Nikiwaambia andikeni kitu kinachowauma wananiangalia kwanza usoni, kujua kama ninamaanisha.

Kwa hivyo haya ndiyo naomba, na ninaomba kwa heshima. Andikeni kanuni moja inayosema igizo ama shairi ama kitabu kinaweza kuondolewa shuleni kwa sababu gani, na hizo sababu zisitoke nje ya zile Katiba imeshazitaja pamoja na umri wa watoto. Kila anayeondoa kitu aweke jina lake na sababu kwa maandishi, na shule ipewe mahali pa kukata rufaa pa haraka, siku chache, kwa sababu mashindano hayangoji. Ukumbini kazi ya kuhukumu iachwe kwa majaji. Kama igizo ni baya, wana fomu yao ya alama, wampe mtoto maksi ndogo na wamwambie kwa nini, hiyo ataikubali hata kama atalia, tumeikubali sote. Polisi wakae barabarani waongoze magari, ndani ya boma la shule yenye watoto wa drama hawana kazi. Na TSC, tafadhali, semeni wazi kwamba hakuna mwalimu atahamishwa ama kuitiwa nidhamu kwa sababu ya skripti iliyopita mikono ya majaji wa zoni na kaunti. Bila hiyo mengine yote ni maneno, kwa sababu mwalimu aliyeogopa hahitaji kukatazwa.

Na wale wasichana wa Butere waombwe radhi. Nimelifikiria hili nikaona si jambo kubwa hata kidogo. Barua moja kwa shule yao, iseme korti ilikuwa imewaruhusu na haikufaa wakutane na yale waliyokutana nayo. Wengi wao wameshaondoka shuleni ama wako karibu kuondoka, kwa hivyo msikawie.

Skripti za msimu mwingine zinaanza kuandikwa shule zikifunga Novemba, Januari tuko kwa mazoezi, na mashindano ya zoni yanafuata mara moja. Hiyo kanuni inafaa kuwa mezani kwa kila mwalimu mkuu kabla ya hapo, na ije kwa waraka wenye nambari na sahihi ambao naweza kuubandika kwa ubao wa matangazo wanafunzi wausome wenyewe.

Wenu,
Mwalimu wa Kiswahili na patroni wa drama